Wamechukua risiti yangu, sasa wananidai risiti

SWALI: Ndugu mshauri, mwezi uliopita nilinunua blenda katika duka moja la vifaa vya umeme Kariakoo, nikalipa shilingi 85,000 taslimu na kupewa risiti ya EFD, yaani ya mashine ya kielektroniki ya kutolea risiti za kodi. Siku ya tatu, nilipokuwa nikisaga maembe, ilianza kutoa harufu ya waya unaoungua, kisha ikazima. Kesho yake niliirudisha. Kijana wa kaunta aliipokea, akaniomba risiti, akaibana kwa stepla juu ya boksi na kuniambia nirudi baada ya wiki moja, fundi wao atakuwa ameiangalia. Niliporudi nilimkuta kijana mwingine, naye akaniuliza, “Mama, risiti yako iko wapi?” Nilimweleza kwamba wanayo wao. Alitafuta, boksi halikuonekana. Sasa naambiwa kwamba bila risiti hawawezi kunisaidia. Je, duka lina haki ya kubaki na risiti yangu?
Msomaji, Tabata, Dar es Salaam

JIBU: Pole sana, mama. Risiti uliyopewa ni yako. Muuzaji ana kumbukumbu zake ndani ya mashine, ambayo haifuti mauzo yaliyokwisha kuingizwa na ambayo hutuma taarifa zake Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA). Karatasi ile ilichapishwa kwa ajili yako wewe mnunuzi. Sote tumezoea kusikia “ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti”, lakini wajibu wa mnunuzi hauishii kwenye kudai, kwa kuwa anatakiwa pia kuitunza na kuionyesha pale ofisa wa mamlaka atakapoihitaji. Mtu hawezi kutunza kitu ambacho kimebanwa kwa stepla kwenye boksi la mwenzake.

Kwa upande mwingine, tusimwonee mwenye duka. Mauzo yako yamekwisha kuingia kwenye mashine pamoja na kodi ya ongezeko la thamani, ikiwa duka limesajiliwa kwa kodi hiyo, na iwapo atakurudishia fedha atahitaji ushahidi wa kurekebisha hesabu zake, la sivyo ataonekana ameuza na fedha zimepotea. Haja hiyo ni ya kweli, ila inatimizwa na nakala. Kariakoo haikosi mashine ya fotokopi kila baada ya hatua chache, na hata simu ya kijana wa kaunta ina kamera.

Kwa hiyo jibu linategemea kilichokupeleka dukani. Ukirudishiwa fedha zako zote papo hapo, biashara kati yenu imefutika, na sioni ubaya wa kuwaachia risiti halisi mradi wakupe maandishi yanayoonyesha kwamba bidhaa imerudi na kiasi gani umerudishiwa. Ukibadilishiwa kitu kwa kingine, dai risiti mpya au angalau maelezo yaliyosainiwa yanayotaja namba ya kifaa kipya, kwa sababu waranti itakayokulinda kuanzia siku hiyo ni ya kifaa hicho. Lakini ukiacha kifaa kwa matengenezo, kama ulivyofanya wewe, risiti halisi isitoke mkononi kabisa. Hapo hujalipwa chochote wala hujapewa chochote. Umeacha mali, na ukiacha pamoja nayo karatasi pekee inayothibitisha kuwa ni yako, umejivua nguo mbele ya kaunta. Unachotakiwa kupokea siku hiyo ni hati ya mapokezi yenye tarehe, namba ya kifaa, ubovu ulioelezwa, jina na saini ya aliyepokea, na mhuri wa duka.

Hayo ni ya safari ijayo. Kwa sasa, haki yako haijapotea pamoja na boksi. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inamtaka mfanyabiashara auze kitu chenye ubora unaokubalika na kinachofaa kwa kazi ambayo mnunuzi amekinunulia, na haki hiyo inatokana na mauzo yenyewe. Risiti ni ushahidi wa mauzo, na ushahidi una njia nyingi: kadi ya waranti yenye namba ya kifaa, picha uliyompigia shoga yako siku uliyoinunua, mtu mliyeandamana naye, na hata mashine ya duka lenyewe, kwani ukiwatajia tarehe na kiasi ulicholipa wana pa kuanzia kutafuta.

Kuna hoja nyingine ambayo kijana wa pili pengine hakuifikiria. Duka lilipoipokea blenda yako ili fundi aiangalie, lilikabidhiwa mali ya mtu, na Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inamtaka aliyekabidhiwa mali aitunze kwa uangalifu ambao mtu mwenye busara angeutumia kutunza mali yake mwenyewe. Hata kama tungeweka kando suala la ubovu, wanapaswa kueleza boksi lilikokwenda. Mimi ningeanzia hapo, kwa sababu swali la “mali yangu iko wapi?” halijibiwi kwa “lete risiti”.

Andika barua fupi yenye nakala mbili. Taja tarehe ya kununua, kiasi, tarehe ya kurudisha, na jinsi risiti ilivyochukuliwa na kubanwa kwenye boksi. Sema unachotaka, ama fedha zako ama blenda mpya, na uwape siku saba. Nakala moja wabaki nayo, nyingine wakugongee mhuri. Wakikataa kupokea, mwombe mtu ashuhudie na uandike hivyo chini ya barua. Wasipojibu, peleka malalamiko Tume ya Ushindani (FCC), iliyoundwa kwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 na yenye jukumu la kumlinda mlaji, au ufungue madai katika Mahakama ya Mwanzo.

SWALI: Dukani nilipokwenda kubadilisha viatu vilivyobanduka soli ndani ya wiki mbili, nilionyeshwa maandishi yaliyo chini ya risiti: “Mali ikiuzwa hairudishwi.” Isitoshe, nililipa shilingi 60,000 lakini risiti imeandikwa 25,000, na wanasema hata wakinirudishia, watarudisha iliyoandikwa. Je, ndivyo sheria inavyosema?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Maandishi yale yana nguvu pale mnunuzi anapobadili mawazo tu. Ukifika nyumbani ukaona rangi haikupendezi, muuzaji halazimiki kukupokea, na akikupokea ni hisani. Kwa kitu kibovu hali ni tofauti, na Sheria ya Ushindani inakataza kumpotosha mlaji kuhusu haki alizonazo anaponunua. Usichelewe tu, kwa maana aliyekaa na kitu muda mrefu bila kulalamika huhesabiwa kuwa amekikubali, na anaweza kubaki na madai ya fidia pekee badala ya kukirudisha. Vilevile kasoro uliyoiona wazi ulipokikagua dukani, ukanunua hivyo hivyo, ni vigumu kuidai baadaye.

Kuhusu kiasi, muuzaji aliyeandika pungufu amevunja sheria ya kodi, na hawezi kuutumia udanganyifu wake mwenyewe kukupunja. Tatizo lako ni kuthibitisha zile 35,000 zilizobaki. Kama ulilipa kwa lipa namba, ujumbe wa simu unaonyesha jina la biashara, kiasi, saa na namba ya kumbukumbu ya muamala, na Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inatambua ushahidi wa aina hiyo. Kama ulituma kwenye namba binafsi ya muuzaji ujumbe bado unafaa, ingawa utalazimika kueleza uhusiano wa mtu huyo na duka. Kama ulilipa taslimu, kazi ni ngumu zaidi. Nawaomba wasomaji, mnapoulizwa “nikuandikie ngapi?” au kupewa bei mbili, ya risiti na ya bila risiti, mjue kwamba punguzo lile linakatwa kwenye uwezo wenu wa kudai.

SWALI: Risiti ya friji yangu imefifia hadi haisomeki, na waranti ina miezi mitano zaidi. Nifanye nini?
Msomaji, Tanga

JIBU: Karatasi ya EFD haitumii wino. Ina dawa inayobadilika rangi kwa joto, na ndiyo maana jua, kioo cha mbele cha gari na mfuko wa plastiki huiharibu upesi. Jaribu kuipiga picha chini ya mwanga mkali ukiiinamisha, kisha uongeze weusi wa picha kwenye simu. Mara nyingi herufi hujitokeza. Ukiweza kusoma namba ya uhakiki na saa ya mauzo, ziingize kwenye ukurasa wa uhakiki wa risiti wa TRA, uhifadhi matokeo yake. Ikishindikana, rudi dukani na kadi ya waranti kabla friji haijaharibika, uombe wakuandikie uthibitisho wa mauzo. Nakusihi usiipeleke kupigwa lamineshani ili “isiharibike zaidi”: joto la mashine ile huigeuza karatasi yote kuwa nyeusi tii.