Ukikuta Tunabishana, Sikiliza Swali Lililo Chini Yake

Mgeni anayejiunga na kundi la watu wanaotengeneza gemu kwa mapenzi yao tu, bila bosi wala mshahara, siku ya kwanza hudhani ameangukia kwenye ugomvi. Mmoja kauliza aanze na injini ipi, yaani programu ya kutengenezea gemu. Hata hajashukuru, watu kumi wameshikana mashati kati ya Godot na Unity. Pembeni kuna anayeapa kwamba hadithi ya kusoma na kubofya si gemu. Mwingine kaweka mhusika aliyemchora usiku kucha, na jibu la kwanza analopata ni kwamba mabega ya huyo mhusika yanafanana na kabati. Watu wanacheka, na mchoraji anacheka nao.

Nimeishi kwenye makundi haya miaka mingi na nayapenda. Karibu yote ninayoyajua kuhusu kazi hii nimeyapata humo, na sehemu kubwa niliipata katikati ya ubishi. Lakini ilinichukua muda kujifunza kusikiliza. Mabishano yetu ni machache na yanajirudia kila baada ya wiki chache, na chini ya karibu kila moja kuna swali halisi la ufundi ambalo wabishani wenyewe hawalitamki. Ukilisikia swali hilo, umepata elimu. Usipolisikia, utaondoka na timu ya kushabikia.

Tuanze na injini, maana ndiyo utakayoikuta kwanza. Atatokea mtu aseme injini fulani ni ya watoto, na mwingine atamjibu kwa mifano. Mifano yenyewe ni mizuri, ijue. Undertale ya mwaka 2015 ilitengenezwa kwa GameMaker. Papers, Please ya 2013 iliandikwa kwa lugha ya programu iitwayo Haxe. Stardew Valley ya 2016 ni kazi ya mtu mmoja, Eric Barone, aliyeiandika kwa lugha ya C# juu ya XNA, zana ya Microsoft, kwa zaidi ya miaka minne. Balatro ya 2024 imeandikwa kwa lugha ya Lua juu ya LÖVE, zana ambayo wala haikupi kihariri cha kuburuta vitu kwenye skrini. Unaandika mistari tu. Zana hizo hazifanani hata kidogo, na gemu zote zilikamilika. Ndiyo maana swali la "ipi bora" halimaliziki: halina jibu. Lililo chini yake ni hili: gemu unayotaka kuitengeneza inahitaji nini, na ukikwama saa nane za usiku nani atakujibu? Gemu ya karata haina haja ya fizikia ya pande tatu. Mtu ambaye hajawahi kuandika programu anahitaji zana yenye watumiaji wengi na mafunzo mengi kuliko anavyohitaji zana yenye kasi.

Kuna kitu kingine ndani ya ubishi huu ambacho mgeni hawezi kukijua asipoambiwa. Tarehe 12 Septemba 2023 Unity ilitangaza kwamba kuanzia Januari 2024, watengenezaji waliovuka viwango fulani vya mapato na vya usakinishaji wangetozwa ada kila mara gemu yao inaposakinishwa. Watu waliokuwa wamejenga kazi zao kwa miaka chini ya masharti mengine waliona wamebadilishiwa makubaliano katikati ya safari. Kabla mwezi haujaisha kampuni ililegeza masharti, na Septemba 2024 ikaifuta ada hiyo. Ila baadhi yao walikuwa wameshahamia Godot, ambayo msimbo wake, yaani maandishi ya programu yenyewe, umekuwa wazi tangu 2014 chini ya leseni ya MIT, inayomruhusu yeyote kuutumia na kuubadilisha. Kwa hiyo ukimkuta mtu anaitetea programu huria kwa ukali unaokushangaza, usimwone mshabiki tu. Anauliza nani anashika ufunguo wa nyumba unayoijenga. Kama unaanza mradi wa miaka mitatu, swali hilo lipe jioni nzima. Kama ni mradi wa wiki mbili, lipite.

Mwezi wangu wa kwanza niliumalizia hapo. Nilisoma kila ulinganisho, nikahama injini mara tatu, nikawa na hoja kali kwa kila upande, na mwisho wa mwezi sikuwa na hata mraba mmoja unaotembea kwenye skrini. Mwanachama mmoja wa siku nyingi aliniandikia faragha: "Mkuu, nakuona una mengi ya kusema. Tuonyeshe basi ulichotengeneza." Hakunikejeli, alitaka kweli kuona. Wiki iliyofuata nilikuwa na mraba unaoruka na kudondoka. Tangu siku hiyo siingii kwenye ubishi wa zana ambayo sijamaliza nayo kitu, hata kiwe kidogo namna gani, na nakushauri ujiwekee mpaka huo huo.

Ubishi wa usafi wa msimbo ni hatari zaidi, kwa sababu huwanasa wenye bidii. Mtu anaonyesha faili lake, mwingine anamwambia limejaa ovyo, na mgeni anayesoma pembeni anaanza kupanga upya msimbo wa gemu ambayo bado haichezeki. Hapa kuna kisa ambacho kila mwaka kinarudi. Terry Cavanagh alitoa VVVVVV mwaka 2010, ikapendwa sana. Januari 2020, gemu ilipotimiza miaka 10, aliuweka msimbo wake wazi kwa kila mtu. Ndani watu walikuta orodha moja ndefu mno ya masharti, "ikiwa hali ni hii, fanya hivi", yenye mamia ya matawi yanayoendesha matukio ya gemu. Waliozoea programu za ofisini walishtuka. Vilevile waliotengeneza Celeste, gemu ya kuruka ya 2018, walionyesha hadharani faili la mhusika wao mkuu, na lilikuwa na maelfu ya mistari mahali pamoja.

Kambi moja husoma visa hivyo ikasema usafi hauna maana. Kambi nyingine husema hao walibahatika tu. Zote mbili zinaruka swali lenyewe, yaani msimbo huu utaguswa tena na nani, na mara ngapi? Mwendo wa mhusika kwenye gemu ya kuruka ni kitu kimoja kilichofungamana: kukimbia kunaathiri kuruka, kuruka kunaathiri kushika ukuta, na kuuweka pamoja kunaweza kuwa uamuzi wa fundi anayejua anachofanya. Orodha ya silaha utakayoiongeza kila siku kwa mwaka mzima ni habari tofauti. Hiyo ukiitupia mahali popote itakutesa. Maoni yangu kwa anayeanza: andika kwa namna utakayoweza kuisoma wewe mwenyewe baada ya wiki tatu, upe kila kitu jina linalosema kilivyo, kisha endelea. Kupanga upya kuje pale ambapo mabadiliko madogo yameanza kukuchukua siku nzima. Na tumia Git, programu inayohifadhi kila toleo la kazi yako, tangu siku ya kwanza. Sijawahi kuona kambi yoyote ikibishia hilo, kwa sababu kila kambi ina watu waliowahi kupoteza kazi ya miezi.

Jifunze pia kutofautisha ubishi wa ladha na ubishi wenye jibu. Wabishani hutumia sauti ile ile kwa yote mawili, na hapo mgeni hupotea. Mfano ni wa fremu, zile picha moja moja ambazo skrini huzionyesha mfululizo. Mmoja anasema kuzidisha mwendo kwa muda uliopita tangu fremu ya mwisho ni mbwembwe. Gemu yake inakwenda vizuri bila hiyo. Fanya hesabu. Mhusika anasogea pikseli 5 kila fremu. Kwenye skrini ya fremu 60 kwa sekunde, amekwenda pikseli 300 katika sekunde moja. Kwenye skrini ya fremu 144, gemu ile ile, amekwenda 720, na adui aliyekuwa anakwepeka kwa raha sasa anakuua kabla hujamwona. Anayebisha hadanganyi anaposema kwake inakwenda vizuri. Kwake kuna skrini moja. Ubishi wa namna hii ukiuona, ondoka, pima, rudi na namba.

Ule wa pikseli uko katikati. Wapo wanaochukia kuona picha yenye pikseli kubwa ikikaa pamoja na yenye pikseli ndogo, au picha ndogo ikizungushwa mpaka kingo zake zinachanika. Ni ladha, lakini ni ladha yenye sababu: jicho linahisi vitu viwili havitoki kwenye ulimwengu mmoja. Shovel Knight ya 2014 inafanana na gemu za NES, mashine ya zamani ya gemu ya Nintendo, na bado watengenezaji wake walivunja masharti ya mashine hiyo kwa makusudi, wakatumia skrini pana na rangi ambazo haikuwa nazo. Walijua wanavunja nini. Ukitaka kuvunja, jua kwanza.

Ama ubishi wa gemu ni nini hasa na si gemu ni nini, sijaona kazi ya mtu hata mmoja ikiwa bora kwa sababu yake. Usome ukipenda.

Sasa utani, ambao kwangu ndio moyo wa makundi haya, na ndio unaowafukuza wageni wengi bila sababu. Utani una wenyewe. Angalia nani anamtania nani: mara nyingi aliyeambiwa mhusika wake ana mabega ya kabati ameshaonyesha kazi ishirini, na aliyemwambia hivyo ndiye alikaa naye saa mbili wiki iliyopita akimsaidia kutafuta hitilafu. Wewe unaona sentensi moja. Huoni miaka iliyo nyuma yake. Kwa hiyo usiige sauti hiyo wiki ya kwanza. Maandishi hayana uso wala sauti, na neno lile lile kutoka kwa mtu asiyejulikana linauma. Anza kwa kusifu kitu mahususi na kuuliza kilitengenezwaje. Utani utakuja wenyewe, na siku utakapotaniwa kwa mara ya kwanza kuhusu kazi yako, jua umeshapokelewa.

Kuna utani mmoja lazima nikuandae nao. Kila baada ya muda anatokea kijana mwenye furaha, anatangaza gemu yake ya kwanza kabisa: ulimwengu wa mtandaoni wa wachezaji maelfu, uchumi wake, falme zake. Jibu la haraka huwa ni "mwingine tena", na kicheko. Nimeona watu wakiondoka siku hiyo hiyo wasirudi, na inanihuzunisha mpaka leo, kwa sababu kicheko kile kina elimu ndani yake ambayo hakuna aliyejitaabisha kuitoa. Gemu ya namna hiyo inahitaji seva zinazolipiwa kila mwezi, inahitaji kuhakikisha wachezaji wawili wanaona kitu kimoja ilhali mawimbi ya mtandao yanachelewa, inahitaji kupambana na wadanganyifu, na hata ukiyaweza yote hayo peke yako, ulimwengu wa maelfu wakiwamo watu wanne ni jangwa. Ikiwa ndiyo ndoto yako, usiifiche. Iulize hivi: "Ni sehemu gani ya hii naweza kuijenga kwa wiki mbili?" Soko la kijiji kimoja, mchezaji mmoja, bei zinazopanda na kushuka. Swali hilo linabadilisha mazungumzo papo hapo. Wale wale waliocheka wataanza kugombania kukupa mawazo. Na wewe ukishakuwa mwenyeji, usicheke bila kuacha jibu.

Utani ukihama kutoka kwenye kazi ukaenda kwa mtu, kwa lugha yake, umri wake au mahali alipotoka, huo si utani tena. Usicheke, na mwandikie aliyelengwa faragha. Maneno machache yanatosha: "Nimeona, haikuwa sawa." Mara nyingi ndiyo yanayomfanya abaki.

Na kuna neno linaloumiza kuliko utani wowote, ambalo watu husema kwa nia njema kabisa: "rahisi tu". Mtu amehangaika siku tatu na mhusika anayepenya ukuta, na anaambiwa ni rahisi tu. Hatauliza tena. Liondoe kinywani mwako mapema.

Kama unataka mahali pa kujifunzia kusema vizuri kuhusu kazi ya mwenzako, ingia kwenye mashindano ya muda mfupi. Ludum Dare ilianza 2002, na shindano lake la msingi linakupa saa 48 kutengeneza gemu peke yako kutoka sifuri. Baada ya hapo washiriki wanacheza na kupima gemu za wenzao. Ukicheza gemu thelathini zilizotengenezwa kwa haraka, ukaandika neno kwa kila moja, utagundua haraka lipi linasaidia. "Mbaya" halisaidii, na "nzuri sana" pia halisaidii. "Nilidondoka mara nne kwenye shimo la pili kwa sababu rangi ya ukingo na rangi ya shimo ni moja" linasaidia, na hakuna anayekasirika akiambiwa hivyo.

Ubishi mkali kuliko wote niliowahi kuuona ulikuwa wa kitu kidogo mno: je, mchezaji aliyechelewa kidogo, ambaye miguu imeshatoka kwenye ukingo, aruhusiwe bado kuruka? Celeste inamruhusu kwa sekunde 0.1, sawa na fremu 6 kati ya 60. Upande mmoja uliita hiyo huruma, upande mwingine uliita udanganyifu, na mmoja wetu alisema waziwazi kwamba gemu inayomsamehe mchezaji inamdharau. Ilikwenda siku mbili. Siku ya tatu dada mmoja ambaye hakuwa amesema neno lolote alituletea chumba kidogo cha gemu chenye majukwaa matatu na kitelezi cha kuongeza au kupunguza muda huo wa msamaha, kisicho na namba. Unasogeza kitelezi, unaruka, unasogeza tena, mpaka mruko ukae mkononi mwako; ukibonyeza, unaonyeshwa namba uliyochagua. Tuliandika namba zetu moja moja. Yule aliyekuwa mkali kuliko wote aliandika 0.12, kisha akaomba faili la kile chumba akitumie kwenye gemu yake.