Kuhusu Miaka Iliyoliwa na Nzige: Jibu kwa Mdogo Wangu wa Marangu

Mdogo wangu, wiki iliyopita uliuliza katika kundi la ukoo jambo ambalo wengine wamekuwa wakilizunguka: kama kweli Mungu huwarudishia watu walichopoteza, mbona mimi, miaka miwili tangu nifiwe na mume, bado ninaishi katika chumba kimoja cha kupanga hapa Minneapolis, Marekani, na sijajenga hata msingi nyumbani? Nimeona nikujibu kwa maandishi, maana kwenye simu mimi hulia nawe hubadilisha mazungumzo.

Sikukosa kuja kuzika kwa sababu ya nauli, kama nilivyoacha mwamini. Watanzania wa hapa walichanga, mwili ukasafirishwa kupitia Amsterdam hadi uwanja wa ndege wa Kilimanjaro (KIA), na tiketi yangu pia ingepatikana. Lakini maombi yangu ya ukaazi wa kudumu yalikuwa hayajajibiwa, na kwa sheria ya Marekani mtu wa hali yangu akitoka nchini bila kibali maalumu cha kusafiri, huhesabiwa kuwa ameyaacha maombi yake. Kwa hiyo nilizika kwa simu, saa kumi na moja alfajiri, nikiwa nimeketi jikoni na sare ya kazi mwilini. Mtandao ulipokwama, kioo kilibaki kinaonyesha mgomba mmoja na bega la mchungaji. Uliporudi, kaburi lilikuwa limeshafukiwa. Matanga sikukaa. Nilipewa ruhusa ya siku tatu, na siku ya nne nilikuwa kazini nikiwaogesha wazee.

Mtu mmoja alinitumia Yoeli 2:25, kwamba Bwana atairudisha miaka iliyoliwa na nzige. Nakiri kwamba nilikasirika, nikafuta ujumbe, na kwa miezi kadhaa sikukanyaga kanisani. Buti za theluji za marehemu zilikuwa bado mlangoni na sikuwa na nguvu ya kuziondoa, sasa huyo nzige atarudisha nini? Aliyenitoa ndani ni mama mmoja wa Bukoba, ambaye hakuja na mstari wowote. Alikuja na sufuria ya ndizi, akakuta theluji imeziba ngazi, akachukua koleo akaiondoa kwanza ndipo akabisha hodi.

Baadaye nilirudi kwa Ayubu, sura ya 42, ambayo huhubiriwa sana kwetu kama habari ya kuongezewa maradufu. Ni kweli kondoo 7,000 walikuja kuwa 14,000, na ngamia 3,000 wakawa 6,000. Watoto je? Alipata kumi, idadi ileile ya mwanzo, na hakuna mahali palipoandikwa kwamba wale waliokufa walirudi. Nilipoliona hilo nilipumua. Tangu siku hiyo simwombi Mungu anirudishie yaliyopita, bali ninaomba lile la Isaya 40:31, nguvu mpya, tena ninaziomba kwa kipimo cha zamu moja ya usiku.

Nguvu hizo ninazipata, ingawa hazipigwi picha. Kazini kuna bibi mwenye ugonjwa wa kusahau ambaye kila alfajiri huuliza mumewe yuko wapi. Mwanzoni nilikuwa nikikimbilia chumba cha kufulia nikalie huko. Siku hizi ninavuta kiti, ninamshika mkono, ninamwambia anisimulie habari zake, naye husimulia mpaka jua linapotoka. Ukitaka kujua Mungu amenifanyia nini, ni hicho kiti. Kiwanja sina, na tafadhali usiuze ng'ombe wa mama ili unifuate huku kwa kudhani kwamba ninakificha.

Kadi ya ukaazi imetoka mwezi wa tatu, na nauli ninaiweka kidogo kidogo. Nikifika Desemba, naomba msinipokee kwa ngoma wala chakula. Nipelekeni kwanza kihambani, kwenye shamba la ukoo, mniache pale kwenye mgomba ule kwa muda, halafu ndipo tule.