Tule wapi njiani mpaka Bukoba?

SWALI: Shikamoo mama. Mwanzoni mwa Desemba nampeleka mke wangu na watoto wetu wawili kwao Bukoba. Mwaka jana tulipanda basi la moja kwa moja kutoka Dar es Salaam, tukala kwenye hoteli za njiani, mdogo akaharisha hadi tunafika. Safari hii nimeomba likizo ndefu, tunaweza kulala njiani. Tule wapi? – Msomaji, Mbagala

JIBU: Marahaba mwanangu, na poleni kwa mtoto. Nimefuata dagaa Mwanza kwa miaka tisa, hoteli hizo nazijua. Basi linasimama dakika ishirini, dereva na kondakta wanakula bure chumba cha nyuma, wewe unapanga foleni ya kuku aliyekaangwa tangu alfajiri. Siku moja nililipia wali nyama. Sahani inafika mezani, honi inapigwa. Nilikula vijiko viwili. Kwa kuwa mna siku, msile kwa honi ya mtu.

Hadi Dodoma pandeni treni ya SGR, inabeba abiria tangu 2024. Jioni wapeleke watoto Chako ni Chako wakale kuku wa kuchoma, watafurahi. Ila mchana tafuteni mama lishe anayesonga ugali wa uwele au mtama na kupika mlenda. Wagogo hukausha majani ya mlenda wakayatwanga, ukiungwa kwa karanga hata mtoto mwenye tumbo bovu anaumeza bila shida. Waulize bodaboda wanakula kwa nani. Mama lishe mzuri, ikifika saa nane mchana masufuria yake yameshaoshwa. Mwenye wali saa kumi na moja jioni, huo ni wali wa tangu asubuhi, muache.

Singida laleni usiku mmoja kwa ajili ya kuku wa kienyeji. Kuku yule mgumu, hapikwi kwa haraka. Mimi naagiza saa nne asubuhi, nachagua mwenyewe akiwa hai, narudi saa saba kumkuta kwenye mchuzi wake mwepesi, wenye chumvi na kitunguu basi. Wachuuzi wa barabarani watawapitishia kuku dirishani mwa basi, na wengine ni wazuri kweli, lakini kwa mtoto wa tumbo jepesi nisingethubutu. Nunueni dumu la mafuta ya alizeti, mama mkwe atalishukuru.

Shinyanga mnapita tu. Kituoni ulizieni michembe na matobolwa: vyote viazi vitamu vilivyokaushwa, michembe vikiwa vibichi, matobolwa vikiwa vimechemshwa kwanza. Watoto watatafuna matobolwa hadi Mwanza wasahau biskuti.

Sasa Mwanza. Hapa nitakuwa mkali kidogo, maana watu wanafika kando ya Ziwa Victoria wanaagiza chipsi kuku, na mimi roho inaniuma. Kula sato. Sangara ana minofu mingi na ndiye anayesafirishwa nje ya nchi, lakini ni mgeni aliyepandikizwa ziwani miaka ya 1950, na akala furu wengi, samaki wadogo wa asili wa ziwa hilo, ambao wazee wa pale bado wanawataja kwa majina. Sato ana utamu wake hata bila viungo. Mwombe mpishi akuonyeshe samaki kabla hajamtia kwenye mafuta: macho yang'ae, matamvua yawe mekundu, na ukimbonyeza nyama irudi. Akikataa kukuonyesha, ondoka bila kugombana. Mimi nilikuwa nakula karibu na Mwaloni, Kirumba, kwenye vibanda wanakokula wapakuaji wa dagaa. Pale sato anachemshwa kwa nyanya, kitunguu na ndimu, ugali unakuja wa moto hadi unaunguza vidole, na hakuna anayekuharakisha. Mkeo akiogopa vumbi la soko, nunueni samaki pale mkamtafutie mpishi mtaani mnakofikia. Kaeni siku mbili.

Kisha pandeni meli ya usiku kwenda Bukoba, mkiwa mmeshiba.

Bukoba hutaniuliza hoteli. Ndizi na maharage atakazopika mama mkwe, zimefunikwa kwa majani ya mgomba, hakuna hoteli itakayozifikia. Mwanzoni mwa Desemba kwa kawaida senene, wale panzi wanaoliwa, bado wapo. Watoto wawasaidie wenyeji kunyonyoa mabawa na miguu; akishamshika mwenyewe hatakataa kumla. Na mzee wa nyumba akikupa kahawa ya kutafuna, ile buni iliyochemshwa na kukaushwa, pokea kwa mikono miwili na utafune pale pale mbele yake. Usiitie mfukoni.