Micius haikubeba video kolu, ilibeba funguo
Kuna watu wanasema ile video kolu ya Beijing na Vienna ya 2017 ilirushwa na Micius, satelaiti ya China. Hapana bana, haikurushwa na satelaiti, ilipita kwenye intaneti hii hii ya kawaida ikiwa imefungwa kwa msimbo wa siri. Micius kazi yake hapo ilikuwa kugawa funguo za siri tu, yaani namba za kufungia na kufungulia hiyo kolu, inatuma mwanga uliodhoofishwa sana na mtu akichungulia katikati makosa kwenye funguo yanaongezeka, basi wanajua kuna mdukuzi na hizo funguo wanazitupa. Iko kwenye ripoti ya wanasayansi wenyewe iliyotoka 2018. Ila kitu ambacho watu wanakirukaga, satelaiti yenyewe ilikuwa inazijua funguo za pande zote mbili, so kama humuamini mwenye satelaiti bado hauko salama.