JIBU: Usigeuze rangi mwishoni! Maandishi meusi ni wino mmoja tu

Ndugu, usitume hiyo faili! Umeandika kwamba kitabu cha nyimbo cha kwaya, kurasa 64 za A5 zenye maneno na sol-fa, unakipanga chote ndani ya Photoshop kwa RGB (rangi za mwanga wa skrini), halafu siku ya kukipeleka Nasser Road, mtaa wa wachapaji Kampala, unakigeuza CMYK (wino nne za uchapaji: C samawati, M waridi, Y njano, K nyeusi) "kwa kubofya mara moja". Umeuliza pia programu ya kununua, kompyuta ya kutosha na mabango ya tovuti ya kwaya. Tuanze na huko kubofya, maana ndiko kutakakokausha mfuko wa kwaya.

Nyeusi ya skrini ni RGB 0, 0, 0, yaani hakuna mwanga. Ukiigeuza kwa mipangilio ambayo Photoshop huja nayo, ile ya SWOP, kiwango cha uchapaji cha Marekani, inakuwa C75 M68 Y67 K90. Jumlisha: asilimia 300 ya wino kwenye kila herufi, hata nukta. Kwenye skrini huoni tofauti yoyote, na ndiyo maana watu wanaingia humo macho wazi.

Sasa piga hesabu ya pleti, yaani mabamba ya kuchapia, moja kwa kila wino kwa kila upande wa karatasi. Karatasi ya ukubwa wa A2 na ziada kidogo ya kukata hubeba kurasa 8 za A5 upande mmoja, 16 pande zote mbili. Kurasa 64 ni karatasi 4, yaani pande 8. Kwa wino mweusi peke yake, pleti 8. Kwa herufi za rangi nne, pleti 32! Kama mashine ni ya rangi moja, kila upande unapita mara 4 badala ya mara 1, na roli zinaoshwa kila rangi inapobadilishwa. Gharama yote hiyo ni ya kitabu kisicho na picha hata moja ya rangi ndani.

Na ukishalipa, bado hakisomeki. Kwenye herufi za pointi 9, rangi nne lazima ziangukie mahali pamoja kabisa. Karatasi hunyonya unyevu na kutanuka, hasa msimu wa mvua; rangi moja ikihama sehemu ya kumi ya milimita, herufi inavaa uzi mwekundu upande huu na wa buluu upande ule. Zile nukta mbili kati ya d na r kwenye sol-fa zinavimba na kugusana, na mwimbaji hajui tena pigo linaanzia wapi. Bondi ya gramu 80 nayo haina mipako: wino ukizidi unachelewa kukauka na unachafua mgongo wa karatasi iliyolala juu yake.

Wanaofundisha kwenye video kwamba "tengeneza RGB, geuza mwishoni" wananiudhi sana. Wanaonyesha bango moja kwenye skrini, hawaonyeshi pleti wala risiti. Na yule wa kaunta anayekwambia "tuma tu JPEG kwa WhatsApp" anakuharibia mara mbili: picha inabanwa, na herufi zinageuka piseli zenye kingo za kijivu, wakati pleti ingeweza kuzichora kali kabisa kama zingebaki vekta, yaani mistari halisi isiyo ya piseli.

Kwa hiyo maneno yatoe Photoshop, yapeleke InDesign, Affinity au CorelDRAW, hati iwe CMYK tangu mwanzo, na maandishi yawe C0 M0 Y0 K100. InDesign itumie swachi (rangi iliyohifadhiwa kwa jina) yake yenyewe ya [Black], kwa sababu hiyo huchapwa juu ya rangi iliyo chini bila kuacha ufa mweupe. Ukileta maneno kutoka Word, kagua orodha ya swachi: ukiona jina linaloanza na Word_R, hiyo ni RGB imejipenyeza. Ifute, na ukiulizwa uweke nini badala yake, chagua [Black].

Kisha fungua Window, Output, Separations Preview, washa Separations, uzime jicho la Black. Maneno yote lazima yatoweke. Herufi ikibaki, hata kwa kijivu hafifu, ni ya rangi nne. Rudia ukaguzi huo kwenye PDF yenyewe, kwa Output Preview ya Acrobat Pro, maana uharibifu mwingine hutokea wakati wa kuhamisha hati kuwa PDF. Usijifariji kwamba umechagua PDF/X-1a, aina ya PDF ya wachapaji. Hiyo inakataza RGB tu; nyeusi ya RGB itageuzwa kimyakimya kuwa rangi nne na faili itapita salama salimini.

Jalada ni habari nyingine. Ukitaka eneo kubwa jeusi lililokolea, C60 M40 Y40 K100 inafaa, na uache milimita 3 za kukatwa kila upande. Maneno madogo ya jalada yabaki K100. Mabango ya tovuti yatengenezee faili zake za RGB, yasikae kabisa na kitabu.

Pleti zisitengenezwe kabla hujazima Black kwenye PDF ile ile iliyo kwenye kompyuta ya mchapaji, mkiwa mmekaa pamoja. Kwa leo fungua faili uliyonayo, peleka kishale juu ya neno lolote la ubeti wa kwanza, usome namba kwenye paneli ya Info, uziandike hapa.