ABSN ya dola 75,000: niingie au nisubiri?

Safari hii tumekusanya maswali ya wasomaji walioko Marekani kuhusu ABSN, ile shahada ya uuguzi ya kasi kwa mtu ambaye tayari ana shahada ya fani nyingine. Masomo hubanwa ndani ya miezi 11 hadi 18, kisha mhitimu hufanya NCLEX-RN, mtihani wa leseni. Karibu kila barua ina bei ndani yake, na bei zenyewe zinatisha.

Nina shahada ya biashara kutoka Nairobi na huu ni mwaka wa tatu nafanya kazi ya CNA (msaidizi wa wauguzi) hapa Dallas. Chuo binafsi kimenikubali: miezi 16, dola 75,000. Chuo cha jamii cha karibu kina programu ya miaka 2 kwa dola 15,000 hivi. Wenzangu kazini wanasema nichukue ya haraka nisichelewe. Nimsikilize nani?

Chukua kalamu kwanza. Programu zote mbili zinaishia kwenye NCLEX ileile na leseni ileile ya RN, yaani muuguzi aliyesajiliwa. Kinachouzwa kwa zile dola 60,000 za ziada, kwa sehemu kubwa, ni muda. Basi tuupime huo muda.

Tuseme CNA anapata dola 38,000 kwa mwaka na RN mpya 72,000, yaani 6,000 kwa mwezi. (Takwimu za serikali za Mei 2024 zinamweka RN wa katikati kwenye 93,600 na CNA chini kidogo ya 40,000, lakini anayeanza haanzii katikati.) Ukishahitimu, ongeza miezi 3 ya kusubiri kibali cha mtihani, kuufanya, na kupata kazi. Aliyesoma ABSN ataanza kulipwa baada ya miezi 19. Wa chuo cha jamii baada ya miezi 27.

Sasa simama kwenye mwezi wa 27 uwatazame wote wawili. Wa ABSN ametoa 75,000 na ameingiza mshahara wa miezi 8, ambao ni 48,000. Yuko chini kwa 27,000. Wa chuo cha jamii ametoa 15,000, lakini ratiba yake ilimruhusu kushika zamu chache za CNA kila wiki. Kwa 1,500 kwa mwezi ameingiza 40,500. Yuko juu kwa 25,500. Tofauti yao ni dola 52,500, kabla ya kodi na kabla ya riba, na riba humla zaidi yule wa ABSN.

Lakini hesabu hiyo inachukulia kwamba chuo cha jamii kitakuingiza leo. Vingi vina waombaji wengi kuliko nafasi, na kila mwaka unaokaa nje ukiwa CNA badala ya kuwa RN unakugharimu 34,000. Ukisubiri mwaka mmoja, chuo cha jamii bado kinashinda. Ukisubiri miwili, ABSN inaanza kuwa na maana. Kwa hiyo usiwaulize kama wana nafasi, uliza hivi: "Mwombaji wa mwaka jana mwenye alama kama zangu aliingia baada ya muda gani?" Kama wanachagua kwa pointi na si kwa foleni, uliza pointi za chini kabisa zilizopita.

Kuna njia ya tatu ambayo hukuitaja, nayo ndiyo tungeitafuta kabla ya zote: ABSN ya chuo kikuu cha umma kwa bei ya mkazi wa jimbo. Mara nyingi ni nusu ya bei ya chuo binafsi au chini yake. Haina mabango barabarani, ndiyo maana watu hawaijui.

Lakini si hospitali zinataka BSN (shahada kamili ya uuguzi) siku hizi? Nikisoma miaka 2 sitaishia nyumba za wazee?

Inategemea mji. Hospitali kubwa za mijini, hasa zenye hadhi ya Magnet (utambulisho wa ubora wa uuguzi), hupendelea BSN na nyingine humwajiri mwenye ADN, ile programu ya miaka 2, kwa sharti la kumaliza BSN ndani ya miaka kadhaa. New York ilipitisha sheria mwaka 2017 inayomtaka RN mpya awe na shahada ndani ya miaka 10 tangu apate leseni. Nje ya miji mikubwa, wenye ADN wanaajiriwa hospitalini kila wiki. Fungua tovuti za ajira za hospitali nne unazoweza kufika kwa gari, usome matangazo ya RN wapya: "inahitajika" na "inapendelewa" ni maneno mawili tofauti.

Ukishakuwa RN, BSN ya mtandaoni huchukua mwaka mmoja hadi miwili huku ukiwa kazini, na sheria ya kodi inamruhusu mwajiri kukulipia karo hadi dola 5,250 kwa mwaka bila wewe kukatwa kodi.

FAFSA (fomu ya kuomba msaada wa masomo wa serikali kuu) itanipa kiasi gani? Mjomba amekubali kuwa mdhamini wa mkopo binafsi kwa kinachobaki.

Kwanza ujue kwamba Pell haipo. Ruzuku hiyo ni ya shahada ya kwanza, na shahada uliyopata nyumbani inahesabika. Kinachobaki ni mkopo wa serikali kuu: anayejitegemea akiwa ngazi ya mwaka wa tatu na kuendelea hupewa hadi dola 12,500 kwa mwaka wa masomo, na jumla ya maisha yake yote katika ngazi ya shahada haipiti 57,500. Kama uliwahi kukopa kwa kozi nyingine hapa Marekani, kile ulichokopa kinatolewa humo.

Programu ya miezi 16 kwa kawaida hugusa miaka miwili ya masomo, kwa hiyo tuseme umepata 25,000. Zimebaki 50,000, na hapo ndipo mjomba anapoitwa. Kwa riba ya asilimia 11 na miaka 10 ya kulipa, ni kama dola 690 kila mwezi, na mpaka unamaliza utakuwa umetoa karibu 82,700. Mkopo huo unakaa kwenye jina lake kama unavyokaa kwenye lako. Akitaka kununua nyumba, benki itamhesabia deni lako. Ukifeli muhula wa pili, mkopeshaji atampigia yeye simu. Mweleze hayo yote akiwa amekaa, kabla hajatia saini, na muulizeni mkopeshaji kwa maandishi mdhamini anaweza kuondolewa baada ya malipo mangapi.

Msamaha wa PSLF, ule wa kufutiwa deni baada ya malipo 120 ukifanya kazi hospitali isiyo ya faida au ya umma, ni kwa mikopo ya serikali kuu tu. Mkopo binafsi haumo. Nurse Corps, mpango wa serikali kuu, hulipa asilimia 60 ya deni la masomo ya uuguzi kwa miaka 2 ya kazi kwenye vituo vyenye upungufu mkubwa, lakini ni ya kushindania, kwa hiyo usiipangie bajeti.

Nitajuaje kama chuo ni kizuri? Wakala wao ananipigia simu kila siku.

Simu za kila siku zenyewe ni jibu la aina fulani. Yule ni muuzaji.

Nenda kwenye tovuti ya bodi ya uuguzi ya jimbo uhakikishe programu yenyewe, si chuo tu, imeidhinishwa. Tafuta ithibati ya CCNE au ACEN, mashirika yanayokagua ubora wa programu za uuguzi; bila hiyo, milango mingi ya shahada za juu na baadhi ya waajiri hufungwa. Kisha tazama wangapi hufaulu NCLEX mara ya kwanza, miaka mitatu au minne mfululizo. Wastani wa waliosoma Marekani ulikuwa karibu asilimia 80 mwaka 2022, 89 mwaka 2023 na 91 mwaka 2024. Chuo kilichobaki kwenye 80 wakati wenzake wamepanda kina tatizo.

Ila asilimia hiyo inaficha jambo moja. Chuo kinaweza kuanza na wanafunzi 60, kikawachuja kwa mtihani wa mwisho wa ndani mpaka wakabaki 38, na hao 38 wakafaulu vizuri. Tangazo litasema asilimia 95. Wale 22 wana deni na hawana leseni, na hawamo kwenye tangazo. Kwa hiyo uliza idadi, usikubali asilimia: kundi lililoanza miaka miwili iliyopita lilikuwa na watu wangapi, na wangapi walimaliza kwa wakati? Wakisema hawana takwimu hizo, wanazo.

Na anayekuuzia cheti bila mafunzo ya wodini, mkimbie. Januari 2023 serikali ya Marekani ilitangaza mashtaka dhidi ya watu 25 kwa kuuza vyeti bandia zaidi ya 7,600 vya vyuo vitatu vya uuguzi vya Florida. Wapo walionunua, wakafaulu mtihani, na bado wakanyang'anywa leseni.

Nina watoto wawili na kodi ya nyumba Minnesota. Naweza kuendelea na zamu za usiku wikendi?

Zamu moja kwa wiki, labda, muhula wa kwanza. Zaidi ya hapo tunaona watu wakianguka, na hawaanguki kwa uvivu. Wiki ya ABSN ina siku mbili au tatu za darasani, zamu moja au mbili za saa 12 wodini, maabara, na mtihani karibu kila wiki. Alama ya kufaulu huwa 75 hadi 78, na 74.9 haipandishwi. Ukifeli somo moja unasubiri kundi lijalo, ambalo huenda likaanza mwaka mzima baadaye. Ukifeli mawili, kwa kawaida umetolewa.

Kisha kuna mtihani wa hesabu za dawa, ambao vyuo vingi hutaka 90 au hata 100 kabla hujagusa mgonjwa. Swali la kawaida: mgonjwa ana kilo 80, ameandikiwa heparini yuniti 18 kwa kilo kwa saa, mfuko una yuniti 25,000 ndani ya mililita 500. Pampu iwekwe ngapi? Zidisha 18 kwa 80 upate yuniti 1,440 kwa saa. Gawanya 25,000 kwa 500: kila mililita ina yuniti 50. Gawanya 1,440 kwa 50: mililita 28.8 kwa saa. Ukiandika 29 walipotaka desimali moja, umekosa. Si hesabu ngumu. Lakini ifanye saa mbili asubuhi baada ya kugeuza wagonjwa usiku kucha.

Kama huwezi kuweka akiba ya kodi na chakula cha miezi 18 kabla ya kuanza, ahirisha kundi moja ukusanye. Na ukiona mambo yanaharibika katikati ya muhula, nenda ofisi ya misaada ya fedha kabla hujaacha. Ukiondoka kabla ya asilimia 60 ya muhula kupita, sehemu ya mkopo wa serikali inarudishwa na chuo kinaweza kukudai wewe pengo hilo, palepale.

Shahada yangu ni ya miaka 3 kutoka Dar es Salaam. Wataikubali?

Usikisie. Peleka matokeo yako kwa shirika la tathmini lililo mwanachama wa NACES, kama WES au ECE, na uagize ripoti ya somo kwa somo, si ile fupi. Baadhi huihesabu shahada ya miaka 3 kama miaka mitatu ya chuo na si shahada kamili, na hapo ABSN inafungwa. Muulize afisa wa udahili wanakubali tathmini ya nani kabla ya kulipia. Hata ikikubaliwa, anatomia na fiziolojia mbili, mikrobiolojia, kemia na takwimu mara nyingi huna budi kuzisoma hapa, na vyuo vingi havitaki masomo ya sayansi yaliyozidi miaka 5 au 7. Yachukue chuo cha jamii, ambako ni bei ya chini. Yatakufaa njia yoyote utakayochagua.

Mimi ni muuguzi mwenye leseni Tanzania. Nimeingia kwa Green Card nikaambiwa nianze upya na ABSN.

Aliyekuambia hivyo huenda ana kiti cha kujaza. Huhitaji shahada nyingine kabla bodi ya jimbo haijakujibu. Njia yako ni tathmini ya masomo ya uuguzi, uthibitisho wa leseni kutoka Baraza la Uuguzi na Ukunga la Tanzania, mtihani wa Kiingereza kama jimbo linautaka, kisha NCLEX, ambayo usajili wake ni dola 200. Kinachochelewesha ni karatasi: chuo chako lazima kitume matokeo moja kwa moja, ukiyabeba wewe mkononi hayapokelewi. Awepo ndugu wa kufuatilia ofisini. Bodi ikikuta saa za eneo fulani zimepungua, tuseme afya ya akili au watoto, itakutaka usome somo hilo tu.

Niko Mombasa. Nikija kwa viza ya F-1 kusoma ABSN, nitabaki kufanya kazi?

Hupati mkopo wa serikali, na ukihitimu una miezi 12 tu ya OPT (ruhusa ya kufanya kazi baada ya masomo) kwa sababu uuguzi haumo kwenye orodha ya STEM, fani za sayansi na teknolojia zinazoongezewa muda. Kazi ya kawaida ya RN wodini kwa kawaida haipiti kwenye viza ya kazi ya H-1B. Njia inayobaki ni mwajiri akuombee Green Card ya EB-3, na foleni yake huenda ikapita miezi yako 12. Kwa dola 75,000 za mfukoni, tunasema hapana. Soma uuguzi Kenya, uje kama RN.

Nimekubaliwa, naanza Januari. Nianze na nini?

Chanjo. Kama ulichanjwa BCG utotoni, kipimo cha TB cha ngozi kinaweza kuvimba bila ugonjwa, kisha utasukumwa kwenye eksirei na barua za daktari. Omba kipimo cha damu tangu mwanzo. Kadi ya kliniki imepotea? Pima kinga ya surua na tetekuwanga kwa damu. Homa ya ini B ya dozi tatu ina miezi 6 kati ya ya kwanza na ya mwisho, kwa hiyo ukianza masomo Januari, dozi ya kwanza ichomwe Julai. Kama umeshachelewa, muulize mfamasia ile ya dozi mbili zinazopishana mwezi mmoja.