Tableti au laptopu kwa biashara ndogo?

Ndugu, umeuliza kama tableti itakutosha kwa biashara ya nguo, au ujikaze ununue laptopu. Kwa kuuza, yaani kupiga picha za bidhaa na kumwonyesha mteja rangi zilizopo, tableti ni tamu: nyepesi, inawaka papo hapo, chaji inadumu.

Lakini umesema hesabu za mwezi unazifanya kwenye Excel yenye makro, yaani amri ulizozihifadhi ili zifanye kazi zenyewe. Hapo usijidanganye. Excel ya tableti za iPad na Android haiendeshi makro hizo, na kuburuta kidole kwenye mistari 300 ili usahihishe tarakimu moja kunachosha mno. Ukiongeza kibodi, bei nayo inapanda.

Chukua laptopu, hata ya mtumba, mradi iwe na RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 8 na diski ya SSD, ile ya kasi. Hakikisha inakubali Windows 11, maana Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10 Oktoba 2025. Kabla ya kulipa, chomoa chaja, itumie nusu saa uone betri inavyoshuka. Muuzaji akikukatalia, ondoka. Picha za bidhaa, simu yako itazimudu kwa sasa.